Mcheza kwao hutunzwa: barua ya wazi kwa wanaopanga sherehe zetu Arusha

Kwenu viongozi wa mkoa na wa halmashauri zetu, maafisa utamaduni, watu wa itifaki, na yeyote anayeshika kalamu kuandika ratiba ya mapokezi,

Waheshimiwa, shikamooni mlio wakubwa zangu. Wengine, poleni na kazi.

Mimi ni fundi mitambo. Nakodisha muziki: spika, maiki, miksa, na jenereta umeme ukikatika. Ni mwaka wa 16 sasa nafanya kazi hiyo hapa Arusha, kuanzia kipaimara cha Sakina hadi uzinduzi wa kisima Longido. Ninyi mkiwa meza kuu na maji yenu ya chupa, mimi ni yule aliyejibanza kwenye kona ya turubai, kofia imeshuka usoni, macho kwenye vitaa vya kijani na vyekundu. Hamnifahamu, ila sauti zenu karibu zote zimepita mikononi mwangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya jambo nililolifanya mwenyewe, kwa kidole hiki cha shahada cha mkono wa kulia.

Shughuli ilikuwa upande wa Meru. Ofisi iliyoiandaa siitaji, kwa sababu haikuwa mbaya kuliko nyingine. Kikundi cha wanawake kilifika saa mbili asubuhi, kanga za sare, manyanga mkononi, watoto wawili mgongoni. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne, akaingia saa saba na nusu. Kwenye ratiba kuliandikwa "Burudani, dakika 5". Kiongozi wao, bibi wa miaka sabini hivi, alipopewa maiki aliishika kwa mikono miwili kama anayeshika kuku asimponyoke, akaanza taratibu, wenzake wakaitikia. Dakika ya nne haijaisha, mtu wa itifaki akanitazama, akapitisha kidole shingoni. Kata. Nikashusha sauti kwenye miksa, nikapandisha Bongo Fleva niliyoagizwa tangu asubuhi ya kumsindikiza mgeni mpaka kitini. Bibi aliendelea kuimba. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haisikiki. Kisha akanyamaza, akageuka. Hakumtazama mgeni rasmi wala mtu wa itifaki, alinitazama mimi.

Jioni nakunja nyaya, akaja na soda yake mkononi, hajaifungua. Akaniambia, "Mwanangu, umenikata sijasalimia."

Nilidhani analalamika kwa kukatishwa tu, kama wanavyolalamika wasanii wote. Sivyo. Akanieleza kwamba wimbo ule una mpangilio wake. Beti za mwanzo ni za kujitambulisha: sisi ni nani, tumezaliwa upande gani wa mlima, maji yetu yanatoka wapi. Mtu hawezi kumkaribisha mgeni kabla hajasema yeye mwenye nyumba ni nani. Baada ya hapo ndipo mgeni anaitwa kwa jina, anaulizwa habari za njiani, anapewa nafasi ya kukaa. Mimi nilikata kwenye "sisi ni nani". Kwa hesabu ya yule bibi, mgeni rasmi aliingia Meru, akahutubia, akala, akaondoka, na hakuna aliyemkaribisha. Mwenyewe mgeni hana habari mpaka leo.

Waheshimiwa, shida yangu na ninyi imeanzia hapo. Sisemi hamwipendi ngoma. Mnaipenda, na hakuna shughuli inayokosa kikundi. Ila mmeichukua sauti, na mavazi, mkayaacha mengine yote nyumbani kwa bibi.

Lugha yetu ilishatuonya. Neno ngoma ni kile chombo cha ngozi, ni uchezaji, ni mkusanyiko mzima, ndiyo maana tunasema "leo kuna ngoma kwa fulani", na vijana wa Ngarenaro wakisema "hiyo ngoma kali" wanamaanisha wimbo ulioko redioni. Wazee wa Kiswahili hawakuona haja ya kutenganisha sauti, mwili, watu na siku yenyewe. Niliwahi kumbebea vifaa mtafiti kutoka ng'ambo kwa miezi mitatu, na usiku mmoja, tukiwa tunasubiri chipsi pale Kaloleni, alinichorea miduara mitatu kwenye karatasi ya kufungia. Akasema ndivyo alivyofundisha Mmarekani mmoja, Alan Merriam, aliyefanya utafiti Kongo kwa Wasongye na mwaka 1964 akatoa kitabu kuhusu anthropolojia ya muziki. Duara la kwanza ni yale watu wanayoyawaza kuhusu muziki wao: unatoka wapi, ni wa nani, unaruhusiwa lini. La pili ni yale wanayoyafanya: anayeanza, anayeitikia, anayekaa kimya, anayelipa. La tatu ni sauti yenyewe. Na sauti, alisema Merriam, huielewi ukiwa umeyatupa mawili ya kwanza.

Nilicheka. Nilimwambia duara la tatu ndilo langu, mimi ni mtu wa spika. Leo sicheki, maana naona na ninyi mmekuwa mafundi mitambo wenzangu.

Niwape mifano ya hapa hapa mkoani. Hoteli moja ilinipigia niwapelekee ngoma tatu kubwa kwa ajili ya kikundi cha Wamasai kitakachotumbuiza wageni jioni. Nikazipeleka, kazi ni kazi. Sasa kila aliyekua karibu na Wamasai anajua kuimba kwao hakuhitaji ngoma ya kupiga. Olaranyani, yaani mwanzishaji wa wimbo, anatoa mstari, kundi linapokea, wengine wanaunguruma kooni kwa kupokezana, na mapigo yanatoka kifuani, shingoni, kwenye nyayo zinapotua na shanga zinapogongana. Koo za watu kumi na wawili ni mtambo kamili. Nimewahi kuwawekea maiki nne nikaishia kuzizima mbili kwa wingi wa sauti nzito. Lakini meneja alisema mgeni wa Afrika anategemea ngoma. Vijana wakazigonga kwa kusitasita, huku mmoja akininong'oneza, "Mkubwa, hizi ni za Wagogo ama za nani?" Mgeni ameondoka na video ya Mmasai mpiga ngoma, ameituma kwao, na mgeni anayefuata akija anaidai ile ile. Ndivyo uongo unavyopata mizizi, kwa ombi la mteja.

Mfano wa pili uko mbali kidogo, Ziwa Eyasi. Wahadzabe wana mchezo wao wa epeme. Huchezwa usiku usio na mwezi, gizani kabisa, mwanamume mmoja baada ya mwingine akiingia na njuga mguuni, wanawake wakiimba. Giza ni sehemu ya ibada hiyo. Hata ningekuwa na taa za milioni ngapi, nisingeweza kuupandisha epeme jukwaani saa sita mchana. Nikiuwashia taa tu, umeshakuwa kitu kingine. Na hapo njiani Karatu, Wairaqw wana slufay, maombi marefu ya kishairi ambayo mzee huyatamka na waliokaa wakayaitikia. Ukimkata mzee katikati umeikata baraka ya kikao kizima. Iandikieni hiyo "dakika 5" mwone.

Naomba nisieleweke vibaya hapa, maana kuna watu wakisikia neno utamaduni wanadhani mtu anataka turudi kuvaa ngozi. Mimi siamini kwamba muziki wa mtu ni ule wa babu yake tu. Nenda Moshi Jumamosi yoyote ya Desemba, Wachagga wakiwa wamerudi nyumbani. Utakutana na pikapu imebeba vijana wa matarumbeta, bibi harusi nyuma yao, barabara nzima imesimama, na wenye haraka wanapiga honi wakifuata mdundo bila kujijua. Matarumbeta yale yaliletwa na Walutheri wa Kijerumani, ambao misheni yao ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wajerumani kwao huyapulizia nyimbo za kanisani. Sisi tumeyatoa kanisani tukayapandisha kwenye pikapu, tukayafundisha kukata kiuno. Leo harusi ya Mchagga bila matarumbeta watu wanauliza kama kuna msiba. Mtu asije akaniambia si ya kwetu.

Au nenda Usa River, pale chuo cha Makumira. Mwaka 1966 mwanafunzi wa theolojia aliyeitwa Bernard Kyamanywa, Mhaya, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka na kuyaweka kwenye sauti ya kwao Bukoba. Wimbo ule, Mfurahini Haleluya, leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani na kwingineko, na watu ambao hawajui Tanzania iko wapi wanauimba kila Pasaka kwa lugha zao. Umetoka umbali wa daladala moja kutoka Mnara wa Saa. Niambieni, ni kibao gani barabarani kinachosema hivyo? Vibao vya kuelekeza mbugani navijua vyote.

Na hapa mjini, miaka ya tisini mwishoni, kundi la X Plastaz liliunganisha kurapu kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai, likatoa albamu mwaka 2004 na kutembea nayo Ulaya. Hawakumvalisha mtu shuka ili apigwe picha. Mmasai aliimba kwa namna anavyoimba, Mswahili akarapu kwa namna anavyorapu, na mtaa ukajitambua humo. Rapa Joh Makini alipojiita mwamba wa kaskazini hakuwa na haja ya kueleza kaskazini gani. Kwa hiyo ninachokililia si ukale. Wenye ngoma ndio waamue wanabadilisha nini na wanaacha nini, kama walivyoamua wapuliza tarumbeta. Uamuzi huo usiwe wa meneja wa hoteli, wala wa mwandika ratiba, na wala usiwe wa kidole changu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo hata mkitaka kulirekebisha kesho mtakuta mmechelewa kidogo.

Baada ya miezi mitatu yule mtafiti niliyembebea vifaa aliondoka. Alikuwa mtu mwema, alilipa vizuri, aliwaachia wazee sukari na picha. Aliondoka na saa nyingi za sauti, nyingine nilizinasa kwa mikono yangu: nyimbo za kupalilia, za kubembeleza mtoto, nyimbo ambazo wazee waliimba huku wakibishana ubeti upi unatangulia. Zimehifadhiwa kwenye chuo cha kwao. Mimi nilibaki na nyaya. Kijijini walibaki na picha. Mzee mmoja kati ya wale ameshafariki, na mjukuu wake alinifuata dukani kuniuliza kama nina "ile sauti ya babu". Sina. Nilimwambia ipo, ila iko mbali. Alinitazama kama nimeiuza mimi.

Jambo hili ni la kale. Berlin kuna hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, silinda za nta zilizonasa sauti za watu wa dunia nzima, na nta hizo zipo mpaka za huku wakati tukiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi hii na fonografu yake. Baadaye akaja Mwingereza Hugh Tracey, na mitambo ndani ya gari, akapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika kule Afrika Kusini, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Nimpe haki yake: Tracey aliandika. Nani kaimba, wapi, lugha gani, chombo kimefungwaje nyuzi. Ninyi mna picha ngapi za vikundi vya ngoma kwenye kurasa zenu za mtandaoni, na ni ngapi zenye jina la kikundi? Huwa zinaandikwa "burudani ikiendelea".

Kwa sababu Tracey aliandika, sauti zake zinaweza kurudi, na nyingine zimerudi. Mwaka 1950, Kenya, kwa Wakipsigis, alirekodi wasichana wakimwimba kiumbe nusu mtu nusu paa aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimba gitaa wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kijijini. Wakamsikia, wakamshangaa, wakamfanya wa kwao. Zaidi ya miaka 60 baadaye maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala kwa Wakipsigis, na baadhi ya walioimba siku zile walikuwa bado hai. Hebu fikirieni mzee wa miaka themanini na kitu anasikia sauti yake ya ujana ikitoka kwenye spika. Mimi nimeweka spika nyingi. Spika ya namna hiyo sijawahi kuweka.

Zipo zilizokwenda vibaya pia. Visiwa vya Solomon, huko Pasifiki, mwanamke aitwaye Afunakwa aliimba wimbo wa kumnyamazisha mtoto, na mtafiti Hugo Zemp akaunasa. Ni wimbo wa yatima anayemwambia mdogo wake asilie, kwa kuwa aliyekuwa akiwabeba hayupo tena. Mwaka 1992 kundi la Ufaransa, Deep Forest, likauchukua, likauwekea mdundo wa kuchezeka, ukauzwa dunia nzima. Baadaye mpiga saksafoni wa Norway akaupiga pia, akiamini umetoka kwa mbilikimo wa Afrika ya Kati. Mnaona? Ukishatenganisha sauti na mwenyewe, hata bahari inakosewa. Mtu wa Pasifiki anafanywa mtu wa Kongo, kilio cha yatima kinafanywa muziki wa kustarehesha.

Ninachowaomba si kikubwa. Sitaki jengo. Tuna Boma la Mjerumani, tuna Makumbusho ya Azimio, kila halmashauri ina chumba chenye makabati yaliyojaa mafaili ya miaka ile. Chumba kimoja kitolewe, kiwe na kinasa sauti cha maana, kompyuta na diski mbili, moja ikae sehemu nyingine kabisa ili moto ukitokea tusilie. Kinasa sauti kizuri hakifiki bei ya mahema na viti vya shughuli moja ya kawaida. Bei za mahema nazijua, nipo humo. Afisa utamaduni atoke na kile kinasa sauti, aende kwa bibi na babu, arekodi, na aandike kama Tracey alivyoandika, kisha aongeze swali ambalo watafiti wengi wa zamani hawakulitilia mkazo: huu wimbo nani anaruhusiwa kuusikia? Ziko nyimbo za jando na unyago, ziko za wanawake peke yao, ziko ambazo mwenyewe atasema "huu sisemi mbele ya mashine". Akisema hivyo, mashine izimwe. Hapo ndipo kidole cha kuzima kinapohitajika. Na siku sauti ikirudi kutoka Berlin, Makhanda au kwingine, iwe na pa kufikia. Maana mimi nikiwaandikia leo hao wa ng'ambo nirudishiwe sauti ya yule mzee, wataniuliza, kwa haki kabisa, tukutumie ofisi gani?

Malipo nayo tuyaseme. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake sanaa za jadi zimetajwa. Lakini kikundi cha wanawake wa Meru kililipwa nauli na soda. Mimi nililipwa, jenereta ililipwa, MC alilipwa mara tatu yangu na hakuimba hata ubeti. Waswahili wamesema mcheza kwao hutunzwa, na neno hilo lina sura mbili ambazo tumezisahau: kumtunza mchezaji ni kumfuata uwanjani na kumbandika noti kwenye paji la uso, na kutunza ni kuhifadhi kitu kisipotee. Wenye methali waliviona kuwa kitu kimoja. Sisi hatufanyi hata kimoja.

Mtaniambia watoto hawataki mambo ya kizee. Siyo ninayoyaona. Wahungari walikuwa na mtu anaitwa Kodály, ambaye yeye na mwenzake Bartók walizunguka vijijini tangu mwaka 1905 na 1906 wakinasa nyimbo za wakulima. Baadaye akasisitiza kwamba mtoto aanze kujifunza muziki kwa nyimbo za kwao, kama anavyoanza kuongea kwa lugha ya mama, na shule zikaufuata mtindo huo. Hapa kwetu mtaala ulioboreshwa una sanaa na michezo. Mwalimu anayefundisha darasa la tatu Monduli akitaka wimbo wa Monduli atautoa wapi, kama siyo kwenye chumba kile ninachokiomba? Kwa sasa anautoa YouTube. Mwingereza John Blacking, aliyeishi na Wavenda wa Afrika Kusini miaka ya hamsini, alirudi kwao akiwa na swali la aibu kwa watu wake: mbona kwetu wachache wanaitwa wanamuziki na wengine tunakaa kusikiliza, wakati kwa Wavenda kila mtu anategemewa kuimba? Ratiba zenu zinatusukuma kuwa kama wale wachache na watazamaji wao. Kijijini mwetu hakukuwa na mtazamaji. Asiyeimba alipiga makofi, asiyepiga makofi alipiga vigelegele, asiyeweza vyote alipika.

Mwalimu Nyerere, Desemba 1962, akiwa ndiyo kwanza ameapishwa kuwa Rais, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana na akauliza hadharani: wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha, hata waltz, ni wangapi wanaweza kucheza, au hata wamesikia, gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lele mama? Nimeuliza swali hilo kwa mafundi wenzangu sita. Jumla ya majibu ni lele mama, moja, na huyo ni wa Tanga.

Haraka yangu inatokana na uwanja wa Olmoti. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda, na uwanja wetu umepangwa kuchukua watu wapatao 30,000. Hapana shaka mtu ameshaanza kuandika ratiba, na humo kuna mstari wa "ngoma za asili". Naogopa huo mstari. Naona ngoma tatu kubwa za kukodi, naona Wamasai wakizigonga, naona bibi wa Meru amesimama juani tangu alfajiri na mtu wa itifaki anapitisha kidole shingoni. Tunaweza kufanya kinyume. Waestonia, taifa lenye watu wachache kuliko Dar es Salaam, wana tamasha la kuimba tangu mwaka 1869. Waimbaji wanaopanda jukwaani ni maelfu kwa maelfu, na umati nao unaimba. Walipokuwa wanaidai nchi yao kutoka kwa Wasovieti, kuanzia 1988, walikusanyika usiku kuimba, na mpaka leo harakati zile zinaitwa mapinduzi ya kuimba. Kaskazini hii tuna kwaya kila kona, tuna matarumbeta, tuna koo za Wamasai, tuna marapa. Tukianza sasa, kila wilaya ichague yenyewe wimbo wake na urefu wake, uwanja ule unaweza kuitikia. Mkiniita nitakuja na spika zangu, na bei tutaelewana.

Ila kabla ya hapo nina ombi dogo la kwangu binafsi. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa yule bibi, nikamwomba radhi. Alinikaribisha jikoni, akaniwekea kigoda, akaendelea kuchambua maharage. Nikamwomba aniimbie ule wimbo mpaka mwisho, akauliza mgeni atakuwa nani, maana lazima awepo wa kutajwa. Nikamwambia nitaje mimi. Aliimba peke yake, na pale pa kuitikia aliitikia mwenyewe kwa sauti ya chini. Alinikuta kwenye ubeti wa tisa, jina langu na la baba yangu, akaniuliza habari za njiani.

Nilipima kwa simu. Tangu mwanzo hadi salamu ni dakika 11. Naomba mwakani, kwenye shughuli ile ile, muandike 11.

Wenu,
Fundi mitambo, Kaloleni, Arusha